Kalamu ya babu iandikie, usiifungie kabatini

Dada, umeuliza kama Parker 51 uliyoachiwa na babu, iliyogandiana wino ndani, itaandika tena au ibaki kumbukumbu tu. Nimekusanya kalamu za wino tangu shuleni, na nina matumaini makubwa na hiyo yako.

Fungua mwili wake. Ukiona kibomba cha chuma chenye ubao mdogo wa kubonyeza, ni ya mtindo ulioanza 1948, na kifuko chake cha plastiki hudumu mno. Loweka ncha kwenye maji ya kawaida usiku kucha, kisha bonyeza, achia inyonye, mwaga, rudia mpaka maji yatoke safi. Huenda ikachukua siku kadhaa, vumilia. Maji ya moto na spiriti usivitumie kabisa, huharibu plastiki.

Ukikuta kitufe mkiani, chini ya kifuniko kidogo, ni ya zamani zaidi. Mpira wake wa ndani huwa umeoza, hivyo mpelekee fundi.

Wino nunua wa kalamu hizi, kama Quink. Wa kuchorea huziba. Kisha iandikie kila siku, hata orodha ya sokoni.