Hesabuni na njia ya kurudia nyumbani

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama mtaa na usafiri wa kila siku vina uhusiano na unene wa mtu, au unene ni shauri ya mdomo wake tu. Naishi Makorora, nashona nguo Ngamiani, hapa Tanga. Nasema uhusiano upo, na mkubwa uko kwenye ile njia ya kati ya kazini na nyumbani, ambayo watu hawaihesabu.

Kule Cambridgeshire, Uingereza, watafiti waliihesabu. Mwaka 2014 walichapisha matokeo ya watu wazima 5,442 wenye ajira, wakiangalia maduka ya vyakula vya kununua na kuondoka navyo: yaliyo karibu na nyumba, karibu na kazi, na yale ya njiani. Waliozungukwa na maduka mengi kabisa walikuwa na uwezekano wa karibu mara mbili wa kuwa na kiribatumbo, yaani unene uliopita kiasi, kuliko waliozungukwa na machache. Na huko Atlanta, Marekani, utafiti wa 2004 ulionyesha kuwa kila saa moja zaidi ndani ya gari kwa siku iliendana na ongezeko la asilimia 6 la uwezekano huo.

Tafiti za namna hii hazithibitishi kipi kimeleta kipi. Muuza chipsi naye hufuata walipo wateja. Hilo nalikubali.

Lakini njooni mtazame jioni ya kwetu. Asubuhi soko la Mgandini lina mchicha, matembele, mboga za Lushoto, machungwa ya Muheza. Anayefunga kazi magharibi hayakuti hayo. Mchicha uliobaki umeshanyauka. Kinachomsubiri ni kabati la chipsi lenye taa, karai la mihogo, bajia na kachori za moto. Na kibanda hicho kiko ubavuni mwa kijiwe cha bodaboda, kwa sababu wateja wa huyu ndio wa yule. Mtu ana njaa, amechoka, watoto wanasubiri. Ananunua chipsi mayai, anapanda boda, anashushwa mlangoni. Hakutembea, na hakuwa na cha kuchagua. Halafu tunamwita mlafi! Inaniuma sana kulisikia neno hilo.

Wala sitaki mama wa mihogo afukuzwe, maana karai lile linasomesha watoto. Nataka awekewe jirani: meza za matunda na mboga ziruhusiwe jioni kwenye vituo vya daladala na vijiwe vya boda, ziwe na taa.

Na baiskeli, jamani. Mji wetu ni tambarare, na hapa mwanamke wa baibui juu ya baiskeli hamshangazi mtu. Dakika 15 kwenda na 15 kurudi, siku 5, tayari ni dakika 150 za mazoezi, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima kwa wiki. Sasa vijana wanaiona baiskeli kuwa alama ya umaskini, na wazazi wanaogopa magari, kwa haki kabisa. Wapanda baiskeli watengewe njia yao barabara kubwa.

Na dada anayeambiwa kliniki apunguze mafuta, aulizwe pia anatoka kazini saa ngapi, na anarudi kwa njia gani.