Nataka kuwa lekchara wa kemia

SWALI: Mhariri shikamoo. Niko Jinja, nina digrii ya kemia na natamani kufundisha chuo, ila watu wananitisha eti ni chaki na njaa tu. Kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Njaa hapana, ila subira ndio, maana iwe chuo cha Makerere cha tangu 1922 au cha Mbarara cha 1989, bila masters hutoki, halafu PhD nayo inakula miaka, unangoja kemikali kutoka nje huku mitihani ya kusahihisha imejaa mezani. Na cheo kinapanda kwa utafiti uliochapishwa kuliko kufundisha vizuri, mi naona si haki kabisa. Kwa sasa omba kusaidia maabara, titresheni zile za kudondosha kemikali moja kwenye nyingine tone kwa tone hadi rangi ibadilike, usimame nyuma ya mwanafunzi anayepitiliza tone moja rangi ikawa pinki kali, ukimvumilia arudie basi kazi unaiweza.