Winchester ya babu ndani ya sanduku

Kaka, nimekuelewa: umefungua sanduku la marehemu babu kule Kamalondo, Lubumbashi, ukakuta bunduki ya Winchester, modeli ya 1894, nawe unataka kuisafisha na kuijaribu porini.

Ule wenzo wa chini, yaani mkono wa chuma ulio kwenye kifyatulio, usiuguse. Risasi zake hupangwa ndani ya bomba chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine, huzioni, na kila ukivuta wenzo moja huingia chemba, pale inapofyatuliwa. Ndiyo maana haitiwi risasi zenye ncha kali: ncha ingegonga fataki (kiwashio cha baruti kitakoni) ya risasi iliyo mbele yake.

Tena bila kibali chenye jina lako hiyo ni kesi, hata kama ni urithi. Usiipakie kwenye teksi kwenda polisi! Mimi nilikaribia kufanya hivyo na gobore la mjomba. Avoka, mwanasheria wangu, akanizuia, tukatanguliza barua, polisi wakaja kulichukua wenyewe.

Ukipata kibali, fundi wa silaha ndiye aamue kama inafaa kufyatuliwa. Msasa na vanishi, hapana. Mbao iliyochubuka ndiyo thamani yake. Pangusa tu kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, usome maandishi ya mtutuni. John Browning aliibuni vizuri mno.