Sindano haikumharibu mdogo wako

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu ana miaka 23, tunaishi Mbagala. Mwaka jana alianza kusikia sauti, akawa anasema baba mdogo anamtilia sumu kwenye chakula. Hospitali walimchoma sindano, kesho yake shingo ikapinda na macho yakageuka juu. Mama akasema sindano imechokoza majini, akampeleka kwa mganga Mkuranga. Alikaa huko miezi mitatu, amefungwa mnyororo mguuni. Karudi juzi, halali, na jana alimshikia baba mdogo panga. Tumbadilishie sindano, au ni kweli sindano ndiyo iliyomharibu?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Tuanze na panga, maana hilo haliwezi kungoja. Leo hii liondoeni nyumbani pamoja na visu na mchi. Baba mdogo akalale kwa jamaa mwingine, kwa sababu yeye ndiye anayeogopwa na mgonjwa. Msibishane na kijana kuhusu hiyo sumu. Ukimwambia "hakuna sumu, acha ujinga," anaona na wewe umo kwenye njama. Kisha mpelekeni hospitali ya rufaa ya Temeke. Akikataa, Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaruhusu mtu wa hali yake kufikishwa kwenye matibabu hata bila ridhaa yake, na polisi wanaweza kusaidia. Waambieni mapema kwamba ni mgonjwa, siyo mhalifu.

Sasa shingo. Nimesikia habari ya shingo mara nyingi kiasi kwamba ndugu wakianza tu kusimulia, najua itaishia wapi. Kwa maelezo yako, naamini alichomwa haloperidoli, dawa ya kutuliza ugonjwa wa akili, au dawa nyingine ya jamii hiyo. Dawa hizi huzuia dopamini, kemikali ya ubongo ambayo ikizidi nguvu mtu husikia sauti zisizokuwepo. Lakini dopamini hiyohiyo ndiyo inayosaidia misuli kutembea sawa. Kwa hiyo siku za mwanzo, hasa kwa vijana wa kiume, shingo inaweza kukakamaa, ulimi ukatoka nje, macho yakapanda mpaka ukaona weupe mtupu. Ukimwona mwanao hivyo saa nane ya usiku, umeme umekatika, lazima useme amepandisha. Simlaumu mama hata kidogo. Nawalaumu wenzangu waliomchoma wakamruhusu kwenda nyumbani bila kuwaambia neno. Madhara hayo yana dawa: benzeksoli, au sindano nyingine, na mara nyingi ndani ya saa moja shingo imelegea. Mngerudi siku ileile, angepunguziwa dozi au kubadilishiwa dawa. Hata sasa inawezekana, ila mwambieni daktari habari ya ile shingo kabla hajagusa bomba la sindano.

Ukali mnaouona leo hautokani na sindano. Dawa ile ilishamwisha mwilini zamani. Mnachokiona ni ugonjwa ulioachwa miezi mitatu bila tiba, halafu ukaongezewa mnyororo.

Mwezi uliopita nilipokea kijana mwingine aliyetoka kwa mganga wa aina hiyo. Kifundo cha mguu kilikuwa na kidonda cha mviringo, kipana kama bangili, usaha umegandana na kutu. Hakutaka mwanamume yeyote amkaribie. Nesi alichuchumaa mbele yake na beseni la maji ya vuguvugu, akamwosha mguu ule polepole karibu nusu saa, ndipo akakubali kumeza kidonge. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa amemwandika kuwa ni mkali sana. Mtu anayesikia sauti zikimwambia atauawa, kisha watu wakamkamata kweli na kumfunga kweli, mlitegemea atulie?

Kusali na kusoma dua sikatazi, na wala havigombani na vidonge. Ninachokipinga ni yule anayesema "acha dawa za hospitali, zitagombana na zangu," huku akipokea pesa na mbuzi. Huyo anacheza na uhai wa watu wawili: mgonjwa na yule anayeogopwa na mgonjwa. Na lipo kosa la pili linalofanana na hilo: familia kusema "amepona" baada ya wiki sita na kuacha dawa. Hata baada ya kutulia, dawa huendelea walau mwaka mmoja, na daktari ndiye anayepunguza.

Wagonjwa wengi wa akili hawamdhuru mtu. Wao ndio wanaopigwa, kuibiwa na kubakwa. Lakini pale Isanga, Dodoma, wanakotunzwa wagonjwa waliofanya makosa ya jinai, nimekaa na watu waliomuua mama au mke wakati wamezidiwa, na sasa wametibiwa, wanajua walichokifanya. Ukiwauliza ilianzaje, wanasimulia yaleyale. Nilikuwa naongea peke yangu uani, majirani wakacheka. Sikulala wiki nzima, wakasema bangi. Nilisema nafuatwa, wakanipeleka kufukizwa. Mtaa mzima uliona kwa miezi, na simu ya kwanza iliyopigwa ilikuwa ya kuwaita polisi.

Mdogo wako hajafika huko. Mpelekeni leo, na mama aende naye. Nani mwingine atawaeleza habari ya shingo kama yeye aliyeiona?