Kura 11 na mbeta nane

Wiki hii mmetuuliza: "Ni kitu gani umekipunguza maishani, na nafasi yake umeijaza na nini?" Mke wangu alilisoma swali kwa sauti, akaniangalia juu ya miwani, akasema, "Wajibu, baba, ila usiwadanganye." Haya. Nilipunguza siasa, nikajaza ulanzi. Kabla hamjacheka, sikusema nimezidisha kunywa. Nimesema ulanzi, na nitaeleza.

Mwaka 2020 niliingia kwenye kura za maoni za chama changu, nikiutaka udiwani wa kata mojawapo ya hapa Iringa mjini. Nina duka la vifaa vya ujenzi, misibani hukalishwa mbele, harusini hupewa kipaza sauti, kwa hiyo nikajiona nimeiva. Nilichukua daftari la watu wanaodaiwa saruji, nikaligeuza nyuma mbele, nikaanza kuorodhesha wajumbe, wale wanachama wanaopiga kura hizo. Kila aliyeniambia "tuko pamoja, mheshimiwa" nilimwekea alama ya vema. Vema zilifika 64. Neno "mheshimiwa" ni tamu jamani, hata likitoka kwa mtu ambaye ukigeuza daftari unamkuta anadaiwa mifuko sita.

Nikanunua Noah kwa mkopo ili nisibanane na wapiga kura wangu kwenye daladala. Nyumbani kulipikwa pilau mara tatu, na kila aliyeondoka aliondoka na "nauli", hata jirani wa ukuta kwa ukuta. Lugha yetu ina majina mengi ya upole kwa jambo hili: nauli, soda, maji ya kunywa. TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, wanalo moja tu, na wao ndio wenye haki.

Nilipata kura 11.

Mnakumbuka msemo ulivyozagaa nchi nzima Julai ile, kwamba wajumbe si watu wazuri. Niliushika kama dawa, nikautumia asubuhi na jioni kwa miezi. Siku hizi naona walikuwa watu wazuri tu, na tena walinijua kuliko nilivyojijua. Kati ya yote niliyoahidi, hakuna hata moja nililokuwa nalifanya kabla ya kuchukua fomu.

Noah iliuzwa kabla ya Krismasi, kwa hasara, na deni likabaki. Msinisifu basi kwamba nimechagua maisha ya kawaida. Maisha ya kawaida yalinichagua yakiwa na barua ya benki mkononi. Nilijitoa kwenye magrupu 17 ya WhatsApp ya siasa kwa usiku mmoja, na asubuhi yake simu ilikuwa kimya kiasi kwamba niliiwasha upya nikidhani imeharibika.

Januari 2021 nikaenda kwetu Mufindi, kilomita kama 80 kutoka mjini hadi Mafinga, halafu bodaboda kwenye matope. Nilisema naenda kumsalimia baba mdogo. Ukweli nilikuwa nawakimbia watu. "Kamwene," nikamsalimu. "Kamwene," akaitika, asiniulize lolote kuhusu kura ingawa habari zilishamfika, akanipa kisu kidogo chenye mpini wa kamba na kuniambia nimfuate kwenye milanzi, mianzi ya ulanzi.

Kwa msomaji wa pwani, ulanzi ni kinywaji kinachogemwa kwenye mwanzi, kama ninyi mnavyogema mnazi. Unasubiri masika. Chipukizi likifika kiunoni au kifuani, likiwa bado changa, unalikata ncha. Kisha kila asubuhi na kila jioni unarudi kulinyoa pale palipokatwa, kipande chembamba kama karatasi, ili kidonda kisikauke. Siku za mwanzo hupati kitu. Halafu utomvu unaanza kudondoka, nawe unafunga mbeta, kile kikopo cha pingili ya mwanzi, unakifunika juu mvua isiingie. Ukiunywa asubuhi ni mtogwa, mtamu, hata watoto wanapewa. Ukichelewa, umechacha umekuwa mkangafu, na hapo kila mtu na lake.

Mimi nilinyoa kwa pupa. Nilikata vipande vinene kama vya mua, nikidhani ukikata zaidi unapata zaidi, na machipukizi yangu manne yakakauka mfululizo. Baba mdogo hakunigombeza. Alishika mkono wangu akiwa nyuma yangu, kama mtu anayemfundisha mtoto kuandika a e i o u, akauvuta taratibu mpaka kipande kikatoka kimekunjamana, unaona mwanga kwa upande wa pili. "Nyoa, mwanangu. Hatuchinji." Chipukizi la tano likatoa. Nilikaa pale nikihesabu matone kama mwendawazimu.

Kuna jambo jingine alilonifundisha. Chipukizi linalogemwa haliwi tena mwanzi, mwisho wake ndio huo. Kwa hiyo katika kila kichaka lazima uache mengine yaende juu, hata kama yamenona na yanakutazama. Niliponyoosha kisu kwenye moja la namna hiyo, aliniuliza kama mwakani nitagema kidole changu.

Tangu hapo, kila masika naenda Ijumaa jioni kwa Coaster, narudi Jumapili, na siku za katikati baba mdogo ananinyolea. Nina mbeta nane. Siuzi hata lita. Hili ndilo linalowasumbua ndugu zangu kuliko hata zile kura. Kwetu mtu akisema ana jambo analolipenda, swali linalofuata ni "linaingiza shilingi ngapi?" Ukifuga njiwa, unauza vifaranga? Ukiimba kwaya, mmerekodi? Shemeji yangu alishanipigia hesabu ya kilabu: mabenchi, spika, muhudumu mmoja. Nikamwambia siku nikifungua kilabu nitaanza kuwatafuta wajumbe wa pombe, na mimi wajumbe sina hamu nao.

Baba yangu mzazi, marehemu, alikuwa balozi wa nyumba kumi. Aliyajua kwa moyo masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha la 1967: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha, asiwe na hisa kwenye kampuni. Hayakumgusa hata kidogo, maana hakuwa na mshahara hata mmoja, na nyumba yenyewe ilivuja. Lakini aliyasimulia kwa fahari, kama yaliandikwa kwa ajili yake. Masharti yale yalilegezwa kule Zanzibar mwaka 1991, nikiwa darasa la tano, naye akazima redio akaenda kulisha ng'ombe. Sisemi turudi kule. Nakumbuka foleni za sukari. Ila mama yangu, aliyekuwa akipanda mlima na ndoo kichwani, hakuwahi kuyaita maisha yale rahisi, na mimi nikisikia mtu wa mjini mwenye bomba ndani akisifu "kuishi kwa urahisi" namkumbuka mama na ndoo yake.

Sasa nifike mahali ambapo jibu langu linaharibika.

Nilidhani nimeiacha siasa mjini. Mwaka juzi nilikuta mkutano mkuu wa kijiji umeitishwa, ajenda ni kijito. Maji yamepungua. Kijito chetu kinaingia Ruaha Mdogo, Ruaha Mdogo unaingia Ruaha Mkuu, ambao ndio unaojaza bwawa la Mtera, na hayo yote mtendaji aliyaeleza vizuri. Akaeleza na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayotaka mita 60 kutoka ukingo wa mto ziachwe bila shughuli za kudumu wala za kuuharibu. Akina mama wakawaka. Vinyungu vyao, vile vibustani vya kiangazi, viko mle mle bondeni, ndivyo vinavyowapa mahindi mabichi na mboga, na mimi mwenyewe nimesomeshwa na kinyungu. Mama mmoja akasimama, akasema kabla hamjagusa kabichi zangu, ile milingoti pale juu ya chemchemi ni ya nani?

Milingoti, ile ambayo vitabuni inaitwa mikaratusi, ilikuwa ya kwangu.

Niliipanda mwaka 2014, wakati kila mtu mwenye duka mjini alikuwa anapanda miti Mufindi na kujiita mwekezaji. Ilikuwa pensheni yangu na ada ya chuo ya binti yangu: ningeiacha ikomae niiuze kwa ajili ya nguzo za umeme. Mti ule unakunywa maji kama mgonjwa wa homa, nilijua. Nilikuwa nimeketi pembeni, si mkazi, sina kura, nimekuja na kisu changu mfukoni. Macho yote yakageuka. Tukaenda na kamba ya mita, kijiji kizima nyuma yetu kama harusi, tukapima. Miti 43 ilikuwa ndani ya zile 60.

Nilizungumza. Sikuwa na pilau wala nauli, na hakuna aliyeniita mheshimiwa. Nilisema nitaikata ndani ya miezi mitatu, na vinyungu vijadiliwe baada ya hapo, si kabla. Mzee mmoja akauliza na milanzi ya ndugu yako je, nayo si iko ukingoni? Tulibishana hadi jua likazama, wengine wakisema mianzi inashika udongo, wengine wakisema mita ni mita. Hadi leo hatujamaliza, na nimeshahudhuria mikutano mitano. Mke wangu anasema huko kupunguza siasa kwangu kuna kasoro.

Miti niliikata. Haikuwa imefikia nguzo, kwa hiyo niliiuza dukani kwangu kama mirunda, iliyobaki ikawa kuni. Binti yangu yuko chuo, na ada tunaitafuta kwa awamu. Maji sijui niseme yameongezeka, mvua za mwaka ule zilikuwa nzuri hata hivyo.

Ila visiki vya milingoti havifi kwa kukatwa mara moja. Jumamosi iliyopita nilikuta vimechipua tena, vingine vimenifika magotini, majani yake yanang'aa bila aibu. Nikatoa kile kisu cha mpini wa kamba nikaanza kuvipogoa. Baba mdogo akapiga kelele kutoka ng'ambo ya kijito.

"Weka hicho! Kachukue panga nyumbani. Kikinuka mlingoti, na ulanzi utanuka."

Nikaenda kuchukua panga.