Maswali na majibu: Ziwa, watoto na asilimia tano

Barua nyingi safari hii ni za kufungwa kwa uvuvi Ziwa Tanganyika. Nimechagua hizi.

*Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470. Dagaa wataishaje? (Katonga)*

Swali hili haliishi, na kila muulizaji hutaja mita kana kwamba zote zina samaki. Huku kwetu kaskazini, ukishapita mita mia na ushee, oksijeni hakuna. Dagaa na migebuka wanaishi tabaka la juu tu. Rutuba inayowalisha imezama chini, na upepo wa kusi wa kiangazi ndio unaoisaidia kupanda. Ziwa likipata joto, maji ya juu huwa mepesi, hayachanganyiki na ya chini, rutuba inabaki kuzimu. Wataalamu walilionyesha tangu 2003. Juu ya hapo weka makokoro, taa kwenye kila kipe, yaani boti ya uvuvi, na nchi nne zinazovua usiku mmoja. Ukikuta mwaloni Kibirizi ndoo ya dagaa wembamba kama sindano, usiniandikie tena habari ya mita.

*Kufunga tangu 15 Mei hadi 15 Agosti kunatosha? (Kibirizi)*

Kuwapa samaki nafasi ya kuzaliana, kunasaidia. Kupoza ziwa, hapana.

*Mbona wazungu wanachafua hewa halafu sisi tunaambiwa tupunguze kuzaa? (Ujiji)*

Una haki ya kukasirika. Mmarekani mmoja hutoa wastani wa zaidi ya tani 13 za hewa ukaa kwa mwaka, Mtanzania hafiki hata moja. Joto la ziwa si deni la mama wa Ujiji. Ila kuni na samaki hatuvuni Marekani. Mkoa wetu wa Kigoma ulikuwa na watu milioni 2.13 mwaka 2012, na milioni 2.47 mwaka 2022. Miaka hii ziwa limefurika mpaka kwenye nyumba za watu, samaki hawakufurika nalo. Na nyinyi akina baba mnaoniandikia hasira hizi, kliniki ya uzazi wa mpango mnawaachia wake zenu peke yao.

*Uchumi kukua asilimia 5 kila mwaka una ubaya gani? (Kasulu)*

Piga hesabu. Kwa kasi hiyo unakuwa maradufu kwa miaka 14 hivi. Mtoto wa miaka saba leo, akifika 35, ataukuta mara nne. Ukikua kwa mafundi na walimu, sina neno. Ukikua kwa magogo na mkaa, mara nne hiyo itakatwa msitu gani? Anayesifu asilimia bila kusema ni ya nini, mimi hushika mfuko wangu.

*Wakimbizi wakiondoka, misitu itarudi? (Kibondo)*

Kidogo. Mkaa unaoshushwa sokoni Mwanga, hapa Kigoma mjini, haununuliwi na mkimbizi.