Ichiro alibahatika miaka 19? Jibu langu, refu kidogo

Mleta uzi anauliza: ikiwa BABIP (sehemu ya mipira iliyogongwa ikabaki uwanjani na kumfikisha mpigaji besi salama) ya ligi kuu ya besiboli ya Marekani huzunguka 0.300, na mpigaji Ichiro Suzuki alimaliza na 0.338, si alibahatika tu? Wadau wengi mmejibu ndiyo. Mimi nakataa.

Nilicheza softboli ya wikendi hapa Nairobi misimu minne, na daftari la alama nilishika mimi. Msimu mmoja tulipata uwanja wa murram huko Eastlands, kipara kitupu, na mvua ilikuwa imechimba kamtaro kati ya besi ya pili na ya tatu. Mpira wangu wa kuburuta ukigonga ukingo wake, unamruka mlinzi begani. Mipira 40 niliyoiweka uwanjani, 16 ikanifikisha besi: 0.400. Nikaanza kuwafundisha wenzangu kushika gongo, hata aibu sina. Msimu uliofuata tukahamia penye nyasi, nikapata 11 kwa 41. Gongo lile lile, mkono ule ule. Kumbe ufundi wangu wote ulikuwa mipira mitano na mtaro.

BABIP inapima hicho: mipira ambayo walinzi walikuwa na nafasi nayo. Chukua hiti (mipigo iliyomfikisha mpigaji besi salama), toa zilizovuka uzio. Gawa kwa zamu za kupiga, ukishatoa zilizovuka uzio na zilizoishia straiki tatu, kisha ukaongeza mipira ya juu iliyodakwa lakini ikamleta mwenzako nyumbani. Ichiro mwaka 2004: zamu 704, hiti 262, nje ya uzio 8, straiki tatu mara 63, mipira ya juu 3. Inakuja 254 kwa 636, yaani 0.399. Kwa mwaka huo mmoja, sawa, bahati imo, hakuifikia tena.

Lakini maisha yake yote ni mipira karibu 8,800. Bahati haina pumzi hiyo. Jamaa alipigia upande wa kushoto, hatua moja karibu zaidi na besi ya kwanza, na gongo likiwa bado linazunguka mguu ulishaanza safari. Nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri, Seattle alikochezea ikiwa saa moja jioni, namwona anagonga kimpira cha kusuasua. Mlinzi anakiokota vizuri, anatupa vizuri, na mtu keshapita. Mita 27 na ushei tu.

Mnachochanganya ni hiki: hoja ya kwamba wote hurudi 0.300 ilianza kwa warushaji. Mchambuzi wa takwimu Voros McCracken ndiye aliyeonyesha, mwaka 2001, kwamba mpira ukishagongwa na kubaki uwanjani mrushaji hana usemi mkubwa. Mpigaji ni habari nyingine, yeye hurudi kwenye wastani wake mwenyewe. Derek Jeter alimaliza na 0.350. Albert Pujols alimaliza chini ya 0.290, na sitaki kumsikia mtu akisema hakujua kupiga: 703 zake zilivuka uzio, na hizo BABIP haizihesabu kabisa.

Kwa hiyo, mleta uzi, ukiona mchezaji wako ana 0.370 mwezi wa tano, usimlinganishe na 0.300 ya ligi. Mlinganishe na miaka yake mitatu minne ya nyuma, halafu uangalie miguu yake.

Timu yetu ilikuwa na makanga mmoja, mwembamba, hakuwahi kuupiga mpira kwa nguvu hata siku moja. Tulimbandika jina Bahati. Juzi nimelifungua lile daftari: murram au nyasi, misimu yote minne hakushuka chini ya 0.350. Mtu aliyeshinda wiki nzima akikimbiza matatu iliyokwisha ondoka, mlinzi wa besi angemfanya nini?